Nzi wa Kumi na Mbili

Mwezi uliopita jirani yangu alichinja jogoo, akambabua juu ya jiko la makaa nje ya mlango wake. Mimi nilikuwa naanika nguo, na upepo ukaniletea ile harufu moja kwa moja puani. Unyoya wa jogoo ukiungua hukwaruza koo. Siku hiyo kulikuwa na mshumaa pia uliokuwa ukiyeyuka mahali karibu, kwa hiyo nilinusa manyoya na nta kwa pamoja. Nilishika kamba ya nguo nisije nikaanguka. Jirani akaniuliza, "Mathee, uko sawa?" Nikamjibu kwamba ni jua tu. Haikuwa jua. Nilikuwa nimerudi Makina, nyumbani kwa bibi yangu, nina miaka tisa na vidole vinavyonata.

Ngojeni niwaeleze kwanza kazi yetu, maana nikiwasimulia wajukuu huniona nimeanza kuchanganyikiwa. Sisi Wanubi wa Kibra, babu zetu walikuwa askari, na bibi zetu walikuwa wasusi wa tabaga, zile sinia pana za ukindu zenye rangi nyekundu na zambarau. Mkono uliozoea kusuka tabaga hauogopi kitu kidogo. Nadhani ndiyo sababu memsahibu mmoja aliyekaa upande wa Ngong Road alikuja kwetu na sanduku la bati akitafuta wanawake wa kumfungia nzi.

Nzi wa kuvulia samaki, namaanisha. Unachukua ndoana ndogo kuliko ukucha wa mtoto, unaibana kwenye kibano cha chuma kilichofungwa ukingoni mwa meza, kisha unaifungia mkia wa unyoya, mwili wa manyoya laini yaliyosokotwa kwenye uzi wenye nta, na shingoni unazungusha unyoya wa jogoo hadi usimame pande zote. Ukimaliza, ndoana imekuwa mdudu. Samaki huko mtoni anamwona, anadhani yuko hai, anammeza.

Samaki wenyewe hatukuwahi kuwaona. Walikuwa samaki wa madoadoa ambao wazungu waliwaleta kutoka kwao na kuwamwaga katika mito ya baridi huko Nyeri. Wadudu tuliowaiga pia hatukuwahi kuwaona, walikuwa wa kwao hukohuko. Bibi yangu, ambaye sisi kwa Kinubi tulimwita Haboba, hakuipenda habari hiyo. Alisema ni kazi ya ajabu kuwapa sura vitu ambavyo huvijui, ili vikawadanganye viumbe ambao hujawahi kuonana nao. Lakini aliifanya, na aliifanya vizuri kuliko mama yangu.

Tulivyoanza tulikosea mpaka tukacheka wenyewe. Nzi wa kwanza wa Mama alikuwa na manyoya mengi kiasi kwamba Haboba alimweka kiganjani, akamtegea sikio, akauliza kama atawika. Jirani yetu mmoja aliyekuja kujifunza aliinama sana mezani, akafunga nzi mzuri kabisa, na aliponyanyuka akakuta amemfunga pamoja na ncha ya msuko wake mwenyewe. Mimi nilipiga chafya na kutawanya manyoya ya wiki nzima. Tuliweka mabawa nyuma na mkia mbele. Majogoo wa Makina walipungua manyoya ya shingo mpaka Mama akawa anakwenda Kawangware kwa Wakikuyu kuwaomba manyoya ya majogoo wekundu, na watu wa huko walimtambua kwa mbali, wakawafungia jogoo zao ndani.

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa jicho. Ndoana ina tundu kichwani ambamo uzi wa mvuvi hupita. Ukijisahau na kufunga hadi mwisho, nta na nyuzi hulijaza tundu hilo, na nzi huyo, hata akiwa mzuri vipi, hafai kitu. Haboba hakuchoka kulisema hilo. "Liache jicho," aliniambia kila nilipokaa karibu naye. "Liache jicho lipumue."

Kazi yangu mimi haikuwa kufunga. Nilichambua manyoya na kupaka uzi nta. Mama aliweka manyoya laini ya mwili katika vipande vya kitambaa cheupe cha marekani, kila aina na kifurushi chake kilichofungwa kwa uzi, ndani ya kapu lenye kifuniko lililoning'inia kwenye boriti ili panya wasilifikie. Kulikuwa na sungura, kulikuwa na swara, na kulikuwa na fuko, yule anayechimba mashamba ya viazi. Manyoya ya fuko ni meusi na laini sana, na memsahibu aliyapenda kuliko yote.

Mwaka huo Mama alijifungua mtoto wa kiume, Sebit. Lazima mjue kwamba kabla yake walizaliwa wawili baada yangu, na wote wawili hawakufika arobaini. Nawakumbuka kidogo tu, kama vitambaa vilivyobebwa na kupelekwa makaburini na wanaume. Baba alikuwa mpishi wa wazungu wapimaji wa ardhi, yuko safarini miezi na miezi, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wanawake watatu tukimtazama mtoto mmoja anavyopumua. Mama hakujiamini hata yeye mwenyewe kumshika.

Siku ya saba Sebit alinyolewa kichwa, kama desturi yetu. Nywele za kwanza za mtoto hazitupwi hovyo kwetu. Mtu mbaya akizipata, amempata mwenye nywele. Huzikwa na bibi wa mtoto, mahali pa kivuli pasipokanyagwa. Lakini mvua ya masika ilikuwa imegeuza ua wetu kuwa matope, na Haboba akataka kuzizika siku ya Ijumaa, siku yenye baraka. Akazifunga katika kipande cha marekani nyeupe. Ili panya wasizichukue, akazitia ndani ya kapu la boritini.

Najua mmeshaelewa. Mimi sikuelewa.

Alhamisi asubuhi Mama alikuwa ndani ya arobaini yake, amelala, na Haboba amekwenda msibani Lindi, kijiji kingine hapohapo Kibra. Mtumishi wa memsahibu alitarajiwa adhuhuri kuchukua dazeni moja ya nzi weusi, na hakuna aliyekuwa amewafunga. Mama alisema aambiwe arudi wiki ijayo. Mimi nikajiona mkubwa. Nikaliteremsha kapu, nikafungua kifurushi cha juu, nikakuta manyoya meusi, laini kuliko fuko yeyote niliyewahi kumshika. Yalinukia samli na karafuu kidogo. Sitawadanganya, nilisita. Vidole vyangu vilisita. Kisha nikajiambia Mama ameyapaka mafuta yasikauke, nikaanza kusokota.

Nilifunga nzi kumi na mbili nikiwa nimeng'ata ulimi kwa bidii. Nilijivunia mno. Yale manyoya yaliushika uzi yenyewe, bila kubembelezwa, kama yanayotaka kwenda. Mtumishi akaja, akawahesabu, akawatia katika kikopo chake, akapanda baiskeli akaondoka. Kitambaa kitupu nikakikunja, nikakirudisha kapuni.

Ijumaa asubuhi Haboba alivaa nguo safi, akachukua jembe dogo, akateremsha kapu. Nilikuwa mlangoni nikila kisra, ule mkate wetu mwembamba, na chai. Nilimwona anafungua kile kitambaa, anakitazama, anakigeuza upande wa pili, anakitazama tena. Alimtazama Mama aliyelala, akakunja kile kitambaa kidogo kidogo mpaka kikatoshea kiganjani. Nilijua hapohapo, jinsi mtoto anavyojua.

Alasiri ile Sebit aliacha kunyonya.

Hakulia. Afadhali angelia. Alikuwa akifungua mdomo na kuufunga, anaufungua na kuufunga, kimya, macho yakiwa wazi juu. Kila baada ya muda pembe ya kushoto ya mdomo wake ilivutwa, ikajikunja kuelekea shavuni, na kichwa kikafuata. Mama akakirudisha katikati taratibu. Kikageuka tena, upande uleule. Tuligeuza mkeka ili miguu yake iwe kule kilipokuwa kichwa. Nilidhani sasa ataangalia ukutani. Baada ya muda mdomo ukavutwa upande wa kulia, na kichwa kikageuka kulekule kwa mwanzo, kwenye dirisha la kaskazini. Mama alianza kusoma kila sura ya Kurani aliyoijua, akikosea na kurudia.

Huko kaskazini ndiko Nyeri. Nilikuwa nimeshamuuliza mtumishi siku nyingi kabla, kwa udadisi wa kitoto tu, samaki hao wanakaa upande gani, naye akaninyooshea mkono.

Nilikaa na siri hiyo Ijumaa yote na Jumamosi yote. Nilikuwa mwoga, nasema wazi. Nilifikiri nikisema nitakuwa nimemuua, na nisiposema huenda halijatokea. Jumapili asubuhi ngozi ya Sebit ilikuwa imelegea mapajani, na Mama alikuwa ameacha kusoma. Nilimfuata Haboba jikoni, nikamwambia yote nikiwa nimeshika nguo yake. Nilingoja kofi.

Hakunipiga. Alikaa juu ya kigoda, akasema, "Aliyeziweka kapuni ni mimi." Kisha akauliza, "Ulifunga wangapi?"

"Kumi na mbili."

"Vaa viatu."

Tulikwenda kwa miguu, kupitia msitu hadi Ngong Road, mvua ikitunyeshea. Kila tulipokutana na mtu Haboba alinivuta nyuma yake, sijui kwa nini, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa natafutwa. Tuliingia nyumba ya memsahibu kwa mlango wa jikoni, na memsahibu mwenyewe akatoka akifuta mikono.

"Jambo, mama. Iko nini?"

Haboba akamwambia amekuja kuwachukua wale nzi weusi wa Alhamisi, kwamba wana kasoro.

"Kasoro kweli," memsahibu akasema. Hakukasirika, alikuwa karibu kucheka. Aliingia ndani akarudi na kikopo, akamimina nzi wangu juu ya meza ya jikoni. "Tazama hii. Macho yote nafungwa. Uzi hapana pita. Nani nafanya hii? Mtoto?"

Nilitazama chini. Nilikuwa nimesahau kuliacha jicho. Katika haraka yangu na majivuno yangu nilikuwa nimefunga hadi mwisho, nta imejaa kila tundu, na hakuna mvuvi aliyeweza kuwatumia. Sijawahi kumshukuru Mungu kwa ujinga wangu kama siku ile. Nikaanza kuwahesabu kwa macho. Haboba naye alikuwa anawahesabu kwa kidole, bila kuwagusa. Alihesabu, akahesabu tena.

"Ni kumi na moja," alisema.

"Ah, moja Bwana nachukua. Yeye natoboa jicho na sindano." Memsahibu akatuonyesha kwa vidole jinsi mumewe alivyotoboa. "Nasema hii nyeusi nzuri sana. Jana nakwenda Nyeri."

Mvua ilikuwa ikigonga bati la jikoni. Nilimtazama Haboba na nikaona, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kwamba mtu mzima anaweza kuogopa.

Tuliwachukua wale kumi na moja. Nyumbani, nyuma ya mpera, tulikaa tukawafungua mmoja mmoja. Haboba alikata uzi kwa wembe, akavuta zile nywele kwa ncha za kucha, na hakuacha hata unywele mmoja. Ndoana zote alizitia chooni. Alichimba shimo, akazika, akasoma Fatiha, akaniambia niseme amina. Tulipoingia ndani Sebit alikuwa amefumba macho. Jioni ile alinyonya, kidogo, akatapika, akanyonya tena. Mama alilia kwa sauti hadi majirani wakaja wakidhani mtoto ameshakufa.

Lakini mdomo haukuacha. Si mara nyingi kama kwanza. Alikuwa amelala vizuri kabisa, au ananyonya, mara pembe ile ya mdomo ikavutwa, taratibu, kama mtu aliye mbali sana amejaribu uzi kuona kama una kitu. Kisha ikaachiliwa. Mimi nilikuwa nakaa karibu naye kutwa nikiusubiri. Sikuweza kula. Nilikuwa najua hesabu yangu, na Haboba aliona kwamba najua.

Jumatano alivaa, akaniambia nibaki na mama yangu, akaenda peke yake. Alirudi alasiri, matope hadi magotini, mkono wa kulia amekunja ngumi. Alinikonyeza nimfuate nyuma ya mpera.

"Bwana amerudi kutoka Nyeri," aliniambia. "Nimeipata."

"Nionyeshe, Haboba."

"Haionyeshwi. Fumba macho, sema bismillahi."

Nilifumba. Nilisikia jembe likichimba palepale tulipozika nyingine, kisha udongo ukirudishwa na kupigwapigwa kwa kiganja. Nilipofumbua macho mkono wake ulikuwa wazi, una udongo. Akaniambia, "Imekwisha. Umesikia? Zote kumi na mbili zimekwisha. Nenda ukale." Nikaenda nikala sahani mbili za wali wa maziwa, nikalala pale pale kwenye mkeka.

Sebit aliishi. Alipita arobaini, akatambaa, akawa mtundu wa kupanda mapaa ya watu. Mdomo wake ulibaki na kasoro ndogo, akicheka unapanda upande mmoja kwanza. Daktari mmoja alikuja kumwambia, alipokuwa mkubwa, kwamba ni mshipa wa uso tu, watoto wengi huzaliwa nao. Huenda. Memsahibu aliuza nyumba yake akarudi kwao, nasi tukarudia tabaga. Mama hakuambiwa kamwe. Mimi nilikua nikilikumbuka jambo lile kama ugonjwa uliopona, na wakati mwingine nililisimulia kwa kuchekesha, lile la kuziba macho ya ndoana, bila kutaja ya nywele.

Haboba alifariki mzee sana, mimi nikiwa na watoto wanne. Siku ya tatu ya matanga tulikuwa tumekaa uani, ndugu na majirani, tunakunywa chai, na kama ilivyo katika matanga watu walikuwa wameanza kusimulia vituko vya marehemu. Sebit alikuwa pale, mtu mzima, fundi wa reli. Akasema yeye ana kituko ambacho hajawahi kukitoa kwa sababu ya aibu.

"Mnakumbuka nilipopata kazi ya kwanza nikapelekwa Nyeri?" alisema. "Huyu bibi alilia nisiende. Niliposhikilia kwenda, akafunga mkeka wake akanifuata. Miezi miwili mizima. Mimi kijana, nalala chumba kimoja na bibi yangu."

Watu wakacheka.

"Ngoja. Kila asubuhi anatoka, anashuka mtoni. Nikadhani anatafuta ukindu. Siku moja mzee wa kazi akaniita, akaniambia kuna malalamiko. Nyanya yako anasumbua wazungu. Wale wanaovua samaki, wana kofia zile, wanachomeka ndoana zao kwenye kofia. Basi bibi anamfuata mzungu, anamsalimia vizuri, anamwomba kofia. Akipewa, anaisogeza karibu na macho yake, anatazama nzi mmoja mmoja, ananusa. Kisha anarudisha kofia, anasema asante, anamfuata mwingine. Na usidhani ni mara hiyo tu. Nilipohamishwa Nanyuki akaja. Naro Moru akaja. Kila nikipelekwa karibu na mto, namwona huyo na mkeka wake."

Uani palikuwa na kicheko kikubwa, kile cha matangani ambacho kina machozi ndani yake. Mwanamke aliyekaa karibu nami alinipiga paja akisema, Haboba, jamani. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe na siwezi kukiweka chini. Nilikuwa nauona mkono wake ukiingia kwenye lile shimo, na kwa mara ya kwanza niliuona vizuri, kana kwamba sikufumba macho. Haukuwa na kitu. Alikuwa amekwenda kwa memsahibu Jumatano ile akaambiwa nzi amepotea, amekatikia mtoni, au amebaki kwenye kofia ya rafiki, na njiani akirudi, katika mvua, akaamua kukunja ngumi. Alinipa mimi usingizi na sahani mbili za wali, akabaki yeye na hesabu ya kumi na moja kwa miaka yote iliyobaki, akimfuata kijana huyu kutoka mto hadi mto, akinusa kofia za watu.

Sebit alikuja kukaa karibu nami kicheko kilipopungua. Alikuwa bado anatabasamu.

"Dada, wewe ulikuwa naye sana," aliniuliza. "Unajua alikuwa anatafuta nini?"

Nilimtazama. Alikuwa baba wa watoto watatu, mwenye afya, hana habari na lolote.

"Sijui, Sebit," nikamwambia. "Uzee tu ule."

Aliridhika, akaomba chai nyingine, nikammiminia. Nikamuuliza safari hii wanampeleka kufanya kazi wapi.